Leo Kanner: Daktari aliyewavua kina mama lawama aliyowavika mwenyewe

Hapa kwetu Pwani, mtoto akifika miaka mitatu hajasema, akiitwa hageuki, akishikwa mkono anauvuta, wa kwanza kuhojiwa ni mama yake. Alikula nini wakati wa mimba? Alipita wapi na tumbo lake wakati wa magharibi? Alimwacha mtoto na nani? Jini hilo ni la ukoo gani, wa mume au wa mke? Aghalabu baba huwa ameshajitoa katika kesi hiyo mapema, na wakwe nao wameshatoa hukumu.

Wapo wanaodhani kwamba kumtupia mama lawama ni mambo ya watu wasiosoma. Sivyo. Huko Marekani, kwa muda wa miaka ishirini hivi, waliokuwa wakiwalaumu kina mama wa watoto wenye usonji walikuwa madaktari na maprofesa wenye vyeti ukutani. Na maneno yaliyowapa nguvu yalitoka kwa mtu mmoja, Dkt Leo Kanner, ambaye ndiye aliyeieleza hali hiyo hadi ulimwengu ukaifahamu. Mtu huyohuyo, akiwa mzee, alisimama mbele ya wazazi akawaondolea lawama hizo hadharani. Maisha yake yana funzo kwetu, hasa kwa sababu hakuwa mtu mbaya.

Kanner alizaliwa tarehe 13 Juni 1894 katika kijiji cha Klekotów, karibu na mji wa Brody. Wakati huo eneo hilo lilikuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria. Leo ni sehemu ya Ukraine. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi na jina lake la kuzaliwa ni Chaskel Leib. Ujanani alitamani sana kuwa mshairi, lakini hakupata wa kumchapishia mashairi yake. Mwaka wa 1906 alipelekwa Berlin, Ujerumani, akasoma huko na baadaye akaingia chuo kikuu kusomea udaktari. Vita Kuu ya Kwanza vikamkatiza masomo, akatumika katika kikosi cha matibabu cha jeshi la Austria. Alihitimu mwaka wa 1921 na akaanza kazi katika hospitali ya Charité, ambako alishughulika na magonjwa ya moyo. Mambo ya akili za watoto hayakuwa kabisa katika fikra zake.

Maisha ya Ujerumani baada ya vita yalikuwa magumu. Pesa zilipoteza thamani hata mshahara wa daktari haukutosha. Mwaka wa 1924 Kanner alihamia Marekani na mkewe na binti yao mdogo, akapata kazi katika hospitali ya serikali ya wagonjwa wa akili huko Yankton, South Dakota, mbali na miji mikubwa. Hapo ndipo alipojifunzia taaluma ya magonjwa ya akili, akiwa kazini, akisoma mwenyewe usiku.

Mwaka wa 1928 alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, chini ya Profesa Adolf Meyer, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa jina kubwa katika taaluma hiyo. Miaka miwili baadaye Meyer, pamoja na Edwards Park, mkuu wa idara ya watoto, walimkabidhi kazi ambayo haikuwa na mfano nchini humo: kuanzisha kliniki ya akili za watoto ndani ya hospitali ya watoto yenyewe. Kabla ya hapo, mtoto mwenye matatizo ya tabia au akili alipelekwa mahakamani, au kwenye makao ya watoto, au aliwekwa pamoja na watu wazima waliorukwa na akili. Kanner alitaka mtoto huyo apokewe mlango uleule anaopokewa mtoto mwenye homa au kifua, na madaktari wa kawaida wa watoto wafundishwe kumtambua.

Utaratibu wake wa kazi ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza. Alimsikiliza mzazi kwa muda mrefu. Alimtazama mtoto akicheza. Aliandika kila kitu: mtoto alianza kutembea lini, anakula nini, anaogopa nini, analala vipi. Kutokana na kazi hiyo alitoa mwaka wa 1935 kitabu kilichoitwa Child Psychiatry, ambacho ndicho kitabu cha kwanza cha kiada kwa Kiingereza katika fani hiyo. Kilichapishwa tena na tena kwa miaka mingi, na madaktari wa vizazi kadhaa walisomeshwa nacho.

Lakini Kanner hakuwa mtu wa kujifungia kliniki. Mwaka wa 1937 alitoboa siri iliyoiaibisha Baltimore. Katika jimbo la Maryland kulikuwa na taasisi ya serikali iliyoitwa Rosewood, ya watu wenye ulemavu wa akili. Kwa miaka mingi, wakili mmoja akishirikiana na jaji alikuwa akiwatoa wasichana humo kwa amri ya mahakama ya kumwachilia mtu aliyezuiliwa. Kwa nje ilionekana ni kupigania uhuru wao. Kwa ndani, wakili alikuwa akilipwa na matajiri waliotaka mayaya wa bei ya chini. Waliotolewa namna hiyo walikuwa 166. Msichana akishindwa kazi alifukuzwa, na mwenye nyumba akaletewa mwingine. Kanner na mwenzake, mfanyakazi wa huduma za jamii, waliwatafuta mmoja mmoja. Wengine walikuwa wamekufa, wengine wako gerezani, wengine kwenye madanguro, wengine wana magonjwa na watoto wasio na wa kuwatunza. Alipoyasoma matokeo hayo mbele ya mkutano wa madaktari wenzake, magazeti yaliyadaka na mji mzima ukatikisika.

Wakati huo Hitler alikuwa ameshika hatamu Ujerumani, na madaktari wa Kiyahudi walikuwa wakifukuzwa kazini. Kanner alitumia jina lake kuwasaidia wengi kupata njia ya kuingia Marekani na kazi ya kufanya. Mmoja wao alikuwa Georg Frankl, daktari kutoka Vienna aliyekuwa akifanya kazi katika kliniki moja na Hans Asperger. Frankl alikuwa na uzoefu mkubwa wa watoto wa aina ambayo Kanner alikuwa karibu kukutana nayo.

Mwezi wa Oktoba 1938 alipelekewa mtoto wa miaka mitano, Donald, kutoka mji mdogo wa Forest, Mississippi. Baba yake, aliyekuwa wakili, alitangulia kumwandikia Kanner barua ya kurasa 33 iliyoeleza kila jambo kuhusu mwanawe. Mtoto huyo aliweza kuimba sauti za nyimbo kwa usahihi akiwa na umri wa mwaka mmoja. Aliijua Zaburi ya 23 kwa moyo angali mdogo sana. Lakini alikuwa hana habari na watu. Baba akirudi nyumbani hakujali. Alipenda kuzungusha vifuniko na vitu vya duara, akirukaruka kwa furaha, na ukimkatiza analia kwa hasira kisha anaanza upya. Akitaka kitu kwa ajili yake, alisema wewe badala ya mimi, kwa sababu ndivyo alivyosikia akiambiwa. Wazazi wake walikuwa wameshauriwa kumweka katika taasisi, wakamweka alipokuwa na miaka mitatu, kisha baada ya takriban mwaka mmoja wakaenda kumchukua ijapokuwa wakuu wa pale hawakuafiki.

Kanner hakuwa na jina la kuipa hali hiyo. Akaanza kuwatazama wengine waliofanana na Donald, hadi mwaka wa 1943 akatoa makala katika jarida la Nervous Child kuhusu watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Baadhi yao walikuwa wamedhaniwa ni viziwi. Wengine walikuwa wameandikwa kuwa hawana akili kabisa. Kanner alionyesha mambo mawili yaliyowaunganisha: upweke wa ndani tangu mwanzo wa maisha, na kutaka kila kitu kibaki vilevile kilivyokuwa jana. Alilichukua neno lililobuniwa na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, kwa jambo jingine, akalipa kazi hii mpya. Kwa Kiswahili leo tunasema usonji.

Haki itendeke hapa. Kanner hakuwa wa kwanza kuwaona watoto hawa. Daktari mwanamke wa Kirusi, Grunya Sukhareva, alikuwa ameshawaeleza watoto wa namna hiyo katika miaka ya 1920, na Asperger aliandika yake huko Vienna mwaka wa 1944. Ila makala ya Kanner ndiyo iliyosomwa na kufuatwa.

Mwaka mmoja kabla ya makala hiyo, kulitokea mjadala ambao msomaji wa leo atashtuka kuusikia. Katika jarida kuu la madaktari wa akili wa Marekani, mwezi wa Julai 1942, Dkt Foster Kennedy wa New York alitetea wazi kwamba watoto wenye ulemavu mkubwa wa akili wasio na matumaini wauawe, eti kwa kuwahurumia. Kanner ndiye aliyempinga katika kurasa za toleo hilohilo. Alisema jamii inawategemea watu wa akili ndogo kwa kazi nyingi ambazo wenye akili kubwa hawazitaki, kama kuzoa taka, kuchuma pamba na kuosha vyombo, na kwamba hakuna mwenye haki ya kuwahesabu kuwa hawafai kuishi. Akawakumbusha wenzake yale ambayo Wanazi walikuwa wakiyatenda wakati huohuo. Tahariri ya jarida haikumuunga mkono. Ilielemea upande wa Kennedy.

Mtu aliyesimama hivyo, utadhani hawezi kumdhuru mzazi. Tena mwaka wa 1941 alikuwa ameandika kitabu kizima cha kuwatetea kina mama dhidi ya wataalamu wanaowatisha kuhusu malezi. Lakini hapa ndipo alipojikwaa.

Katika makala ya 1943 Kanner alihitimisha kwamba watoto hawa wamezaliwa na hali hii, kama vile wengine wanavyozaliwa na kilema cha mwili. Hilo lilikuwa sahihi. Ila mwishoni aligusia jambo jingine: kwamba kati ya wazazi hao, wenye moyo wa mapenzi walikuwa wachache. Aliwaona ni watu wa vitabu na kazi, waliopoa. Mwaka wa 1949 alikwenda mbali zaidi, akawafananisha watoto hao na vitu vilivyowekwa ndani ya friji isiyoyeyusha barafu yake. Magazeti yakalidaka neno hilo. Mwaka wa 1960 gazeti la Time lilichapisha kejeli yake kwamba wazazi hao waliyeyuka kidogo tu, kiasi cha kutosha kupata mtoto. Ndipo likaenea jina la mama wa friji.

Kosa lake lilitoka wapi? Fikiria ni wazazi gani waliokuwa na uwezo wa kumfikisha mtoto hadi Johns Hopkins katika miaka hiyo: mawakili, madaktari, maprofesa, watu wanaoweza kuandika barua ya kurasa 33. Maskini hawakufika mlangoni pake. Yeye akadhani usomi na ukimya wa wazazi hao ni sehemu ya ugonjwa, kumbe ulikuwa ni nauli tu ya kufika kwake. Na mzazi ambaye kwa miaka mitatu amemkumbatia mtoto asiyemkumbatia, akifika mbele ya daktari ataonekana amepoa, hata kama moyoni anaungua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wengine walilichukua neno la Kanner wakalijengea nyumba. Bruno Bettelheim wa Chicago, mwandishi mwenye jina wakati huo, alitoa mwaka wa 1967 kitabu cha The Empty Fortress, akidai kuwa mtoto hujifungia ndani ya nafsi yake kwa kuwa mama hakumtaka. Tiba aliyoipendekeza ilikuwa kumtenga mtoto na wazazi wake. Basi kina mama wakapelekwa wao kwa madaktari wa akili, wakaulizwa mwaka baada ya mwaka ni chuki gani waliyoificha. Watoto wakatolewa majumbani. Hapakuwa na mganga wala kafara katika habari hii. Kulikuwa na kliniki safi na faili zilizopangwa, lakini kesi ilikuwa ileile ya kwetu, na mshtakiwa yuleyule.

Aliyeanza kuivunja kesi hiyo alikuwa mzazi. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa akifanya kazi na jeshi la majini la Marekani, alikuwa na mtoto mwenye usonji na hakuona mapenzi yanayokosekana nyumbani kwake. Alisoma kila kilichoandikwa, na mwaka wa 1964 akatoa kitabu cha kuonyesha kwamba chanzo ni cha kimaumbile, katika ubongo. Kanner angeweza kumpuuza, au kumpiga vita kulinda jina lake. Badala yake alikubali kumwandikia dibaji. Mwaka uliofuata Rimland na wazazi wenzake waliunda chama cha kitaifa cha wazazi wa watoto hao.

Mwaka wa 1969 chama hicho kilimwalika Kanner katika mkutano wake mjini Washington. Alikuwa na miaka 75, ameshastaafu tangu 1959. Ukumbi ulijaa watu waliokuwa wamebebeshwa jina la friji kwa miaka. Kanner alilalamika kwamba amenukuliwa vibaya, na hilo halikuwa kweli lote, maana kejeli zile zilikuwa zake. Lakini pia alikidharau wazi kitabu cha Bettelheim, akasema tangu mwanzo aliandika kuwa hali hii ni ya kuzaliwa nayo, kisha akawatangazia wazazi kuwa, yeye Kanner, anawaondolea hatia wao kama wazazi. Ukumbi mzima ulisimama ukampigia makofi.

Watafiti waliokuja baadaye walithibitisha hukumu hiyo mpya. Mwaka wa 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walitoa utafiti wao wa jozi 21 za mapacha huko Uingereza. Kati ya mapacha wa kufanana waliotoka yai moja, zilipatikana jozi ambazo wote wawili wana usonji. Kati ya mapacha wasiofanana haikupatikana hata moja. Kama mama angekuwa ndiye sababu, hakungekuwa na tofauti hiyo, kwani mapacha wote hulelewa na mama mmoja.

Mwaka wa 1971 Kanner aliwatafuta tena wale watoto 11. Matokeo yalimhuzunisha. Wale waliofungiwa katika taasisi za serikali walikuwa wamezidi kufifia, kana kwamba wamehukumiwa kifungo cha maisha. Aliyefanikiwa zaidi alikuwa Donald. Yeye, akiwa na umri wa miaka 9, alipelekwa kuishi na mkulima na mkewe, karibu na kwao. Watu hao hawakusoma udaktari. Walipoona anapenda kupima vitu, walimpa kazi ya kuchimba kisima na kutoa habari ya kina chake. Alipokuwa akihesabu mistari ya mahindi bila kuchoka, walimwacha ahesabu huku akilima kwa farasi. Donald alimaliza chuo mwaka wa 1958, akafanya kazi benki, akaendesha gari, akacheza gofu na kusafiri nchi nyingi. Alifariki mwaka wa 2023 akiwa na miaka 89, katika mji uleule wa Forest, ambako kila mtu alimjua. Kanner mwenyewe alikuwa ametangulia tarehe 3 Aprili 1981, kwa ugonjwa wa moyo.

Turudi nyumbani. Mwaka wa 2015 watafiti wa Kilifi walichapisha matokeo ya mazungumzo yao na wazazi na wataalamu wa kaunti za Kilifi na Mombasa kuhusu usonji. Waliosikika wakitaja pepo, uchawi na laana walikuwepo, na waliotaja matatizo ya uzazi na maradhi walikuwepo pia. Wazazi walikuwa wakizunguka kote: hospitali, kwa mganga, kwa sheikh, kwa mchungaji. Hakuna wa kuwacheka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Tuna methali isemayo mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ni kweli kwa adabu, kwa sala, kwa ulimi. Lakini tusiitumie kwa mtoto aliyezaliwa na usonji, maana hapo tunamfanyia mama yake yale waliyoyafanya maprofesa wa Marekani. Sharia yetu yenyewe haimwandikii dhambi mtoto mdogo wala asiye na akili timamu. Sisi ni nani hata tumwandikie dhambi mama yake?

Ukiona mtoto kwenu hajibu jina lake, haonyeshi kitu kwa kidole, amepoteza maneno aliyokuwa nayo, au anarudia jambo moja kutwa nzima, dua muombeeni, haina kizuizi. Lakini mpelekeni hospitali mapema, apimwe masikio kwanza, kisha muulizie kituo cha kupima watoto wenye mahitaji maalum kilicho karibu nanyi. Na baba awe kwenye safari hiyo, akae kiti cha mbele, yeye na mkewe, wasikilize pamoja.